Nilivyolikataa Pilau la Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa nyuma mnaosinzia, asifiwe tena! Mimi ni yule yule muuza madafu wa pale stendi ya Bagamoyo, na leo nimesimama kumshukuru Mungu aliyenirudishia mwanangu Neema mchana kweupe, kwa mlango wa mbele.

Mnajua mimi na mke wangu Pendo tulitengana. Yeye alirudi kwa mama yake pamoja na mtoto wetu wa miaka sita, mimi nikabaki na baiskeli na madafu. Jioni nikitoka kazini nilikuwa napita kumwona binti yangu. Siku moja nikabisha hodi nikiwa na panga mkononi. Ndugu zangu, muuza madafu bila panga ni nani? Na kuliacha kwenye baiskeli nisingeweza, nilishaibiwa mawili! Lakini siku ile tulikuwa tumegombana kwenye simu, na Pendo alipofungua mlango hakuona muuza madafu. Aliona mtu na panga. Akapiga kelele, akafunga.

Wiki haikuisha nikaletewa karatasi ya mahakama. Amri ya zuio! Nisimkaribie Pendo, nisikanyage nyumba ile, nisimwone mtoto mpaka shauri lisikilizwe. Eti nimetishia kuua. Mimi! Nililia, siwafichi. Kaka yangu akaja kutoka Msata amewaka: "Ichane hiyo! Mtoto ni wako, twende tukamchukue!" Damu ilinichemka, nikaishika baiskeli.

Mungu akampitisha Mama Josefina! Mama huyu wa kwaya yetu ni msaidizi wa kisheria, huwasaidia bure watu wasiojua sheria kama mimi. Akaisoma ile amri, akasema, "Baba Neema, hii unaitii na unaipinga, yote mawili. Unaipinga mahakamani ilikotoka, siyo mlangoni kwa Pendo. Ukienda leo, hata kama ulikuwa na haki, kesho utakuwa na kosa." Akanisaidia kuandaa majibu yangu kwa kiapo, nikaeleza habari ya panga na kutaja mashahidi wangu. Kumbe naweza pia kuiomba mahakama iiondoe amri au iibadilishe, na niombe kumwona mtoto mbele ya ofisa ustawi wa jamii. Sikujua, ndugu zangu! Nilidhani ukishazuiwa, basi, umezuiwa.

Yote hayo tukayapeleka mahakamani, kisha tukawa tunamwomba Mungu na kungoja. Hapo ndipo shetani alipokuja na harufu ya pilau. Siku ya Pasaka mama mkwe akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pilau lipo, na mtoto anakuuliza wewe tu. Njoo ule. Kwani mahakama ina jicho jikoni kwangu?"

Nyuma ya sauti yake nikamsikia Neema akicheka. Jamani! Na kwetu mama mkwe akikuita, kutokwenda ni dharau. Lakini Mama Josefina alishanionya: amri ya mahakama haiondolewi na mwaliko, huiondoa hakimu. Nikasema, "Mama, nakuheshimu sana, nisamehe, siji." Akakata simu kwa hasira. Siku ile nilikula ugali na dagaa huku machozi yananitoka.

Shauri likaitwa. Pendo akaeleza hofu yake, na nilipomsikiliza nikajua ilikuwa hofu ya kweli. Nami nikaeleza yangu. Kisha mama mkwe, aliyeletwa kuwa shahidi wa binti yake, akaulizwa kama nimewahi kuivunja amri.

"Mheshimiwa, huyu nilimwita mwenyewe aje kula pilau, akakataa! Nilimkasirikia! Mtu anayeogopa karatasi kiasi hicho, atamkata nani panga?"

Hata hakimu alishindwa kujizuia, akacheka. Haleluya!

Amri ikabadilishwa. Mwanzoni nilimwona Neema mbele ya ofisa ustawi, na sasa kila Jumamosi namchukua mwenyewe pale pale mlangoni, panga nimeliacha kwa wenzangu stendi. Pendo hunisalimia, nami humwitikia vizuri.

Ndugu yangu uliyeificha karatasi ya namna hii chini ya godoro, mtegemee Bwana! Usiichane, usiende kugombana mlangoni kwa mtu. Mtafute anayejua sheria akusomee. Maombi yako Mungu atayajibu, nami ni shahidi. Lakini ile karatasi imeandikwa jina lako, hivyo inuka ukaijibu wewe! Amina.