Marahaba, Mwanangu

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, katikati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu. Kila asubuhi birika la kahawa likishatua, wanakaa walewale watatu: kinyozi, ambaye hanyamazi hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu, ndiyo maana anaitwa Redio, dereva wa pikipiki, aliyepewa jina la Wakili kwa kubishia kila kitu, na fundi viatu mwenyewe, Gundi. Siku hiyo Gundi alikuwa ameshona soli ndani nje, na kahawa yake ilikuwa inapoa. Wenzake walijitahidi kumwacha. Wakashindwa.

— Gundi, umefiwa? akauliza Redio.

— Afadhali. Niliingia kwenye lile gemu la binti yangu.

Gemu hilo kila mtu alilijua kwa sifa. Vijana wa dunia nzima wanakutana humo kwa simu, kila mmoja kajivika umbo alitakalo, wanapigana na majoka.

— Wewe? Kufuata nini?

— Kuchunguza. Mtoto anashinda humo, anacheka peke yake. Nikasema niingie kimyakimya, nione anaongea na nani.

— Mpelelezi! akasema Wakili. Ukajivika umbo gani?

— Nilibonyeza kwa haraka. Nikatokea mwanamke mwenye masikio ya mbuzi.

Benchi likatikisika kwa kicheko.

— Chekeni tu. Hata kutembea sikujua. Nilikwenda kinyumenyume mpaka nikatumbukia kisimani. Watu wanapita juu na farasi wao, mmoja ana mabawa, hakuna hata wa kunipa pole. Ndipo akaja mzee, ndevu mpaka magotini, fimbo yake inawaka moto. Nikamwandikia, "Shikamoo, mzee."

— Shikamoo kwenye gemu? Wakili akashika kichwa.

— Ningefanyaje? Ndevu zile! Naye akajibu, "Marahaba, mwanangu. Bonyeza hapo kwenye ngazi." Nikatoka.

— Muungwana huyo, akasema Redio.

— Sana. Akanifundisha kutembea. Mbwamwitu walipokuja mimi nilikimbia, yeye akasimama akawamaliza. Nikaona huyu ndiye mtu wa kumweleza shida yangu.

Gundi akachomoa uzi kwenye ile soli. Yaliyofuata yalitokea juzi, na hakuwa amemwambia mtu.

— Nikamwandikia kwamba mimi ni fundi viatu, nina binti humu, naomba amwangalie. Kwamba tangu aache shule amekuwa mzigo, hana analoliweza.

— Akasemaje?

— Alisimama tu. Nikadhani mtandao umekatika. Halafu akaandika, "Sawa. Nitamwangalia." Jioni binti akaniletea chai. "Shikamoo, baba." Nikaitikia. Akasema, "Siku nyingine mbwamwitu wakija, panda juu ya jiwe. Wao hawapandi."

Redio akaruka kutoka kwenye benchi.

— Mama yangu! Zile ndevu...

— Ndiye.

— Kesi hii iko wazi, akasema Wakili. Kapokea shikamoo ya baba yake. Airudishe! Akuamkie mara mbili mbili, mwezi mzima.

— Hakujua ni mimi mpaka nilipojitaja.

— Kujua si hoja. Imepokewa, haifutiki. Kuanzia juzi huyo ni mkubwa wako.

— Ngoja kwanza, Redio akadakia. Kama binti sasa ni baba yako, basi mama yake, yaani mkeo, ni bibi yako! Kaka, kalale sebuleni mpaka mambo yasuluhishwe.

— Na sisi je? akauliza Wakili. Tukikutana naye njiani, nani amwamkie mwenziwe?

— Mimi nasema kosa ni la zile ndevu, akasema Redio. Mle ndani kuna jini anayeazimisha watu ndevu.

Gundi hakucheka.

— Simu kaizima, kaiweka juu ya kabati. Hachezi tena. Anapika, anafua, nikimwita anasema "ndiyo, baba". Basi. Sijamsikia akicheka tangu siku ile. Nimwambie nini?

— Mwambie ulikuwa unatania, akasema Wakili.

— Mwambie simu ilijiandikia yenyewe, akasema Redio. Simu za siku hizi zinajiandikia.

Mama mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amekuja kuchukua kiatu chake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mguu mmoja peku, akisikiliza.

— Samahani, fundi. Huyo binti aliacha shule, au aliachishwa?

Wakili akageukia pikipiki yake, akaanza kufuta kioo. Redio akatazama vidole vyake. Wote watatu walikuwa palepale siku mke wa Gundi alipozidiwa na ugonjwa, na Gundi akatangaza kwamba msichana atabaki nyumbani amuuguze, shule itangoja. Redio alimsifu kwa uamuzi huo. Wakili, siku hiyo, hakubisha. Mke akapona, akarudi kwenye shughuli zake, na shule haikutajwa tena na mtu yeyote.

Masikio ya Gundi yakawaka. Yule mama akawatazama mmoja mmoja, akidhani hawakumsikia.

Redio akainua birika ili ajipatie la kufanya. Halikutoa hata tone, na hakuna aliyeita jingine.

— Nimeuliza tu, akasema yule mama.

Gundi akamrudishia kiatu kikiwa hakijamalizwa, akamwomba radhi, akaanza kukusanya sindano zake asubuhi hiyohiyo, kama mtu aliyeitwa nyumbani.