Foto ya Bongo ya Ngabo

Siku ya soko pale Kitshanga, benchi la Mama Kahambu lilijaa kabla birika halijachemka. Kahawa yake huitoa kwao Butembo, na wanaoinywa hawana haraka. Asubuhi hiyo walimngojea Ngabo, dereva wa pikipiki aliyekaa mwaka mzima bila kuendesha kwa sababu ya kizunguzungu. Akitembea huyumba, ndiyo maana mtaa ulimbatiza Kasiksi, pombe ya ndizi, ingawa hajawahi hata kuionja. Jina hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, maana kanisani nako walikuwa wamemtoa kwenye kwaya. Sasa alikuwa amerudi kutoka Goma na foto ya kichwa ndani ya bahasha, akitumaini itamsafisha.

Akawaeleza taratibu maneno ya munganga, daktari wa hospitali. Foto yake haikuonyesha uvimbe wala kidonda. Ila wataalamu wamelinganisha bongo za watu wengi wenye kizunguzungu cha muda mrefu na za wasio nacho, wakaona sehemu zinazosaidia mwili kujua umesimamaje zinatofautiana kidogo. Tofauti yenyewe ni ndogo, haionekani kwenye foto ya mtu mmoja, na bado haijulikani kama ndiyo inayoleta kizunguzungu au inaletwa nacho.

Jean de Dieu, aitwaye Avoka, yaani wakili, kwa kutokubali kushindwa, aliinua foto kwenye jua, ikiwa juu chini.

— Haba na haba inajaza kibaba, akasema. Vumbi ya barabara njo imejaa humu.

— Ile ni bongo, Avoka, haiko filtre ya pikipiki, Ngabo akasema.

— Basi ni kaske, ile kofia ya pikipiki. Kikulacho kiko mu nguo yako, na kaske ni nguo ya kichwa. Imekamua bongo mupaka imebadilisha sura.

Tumukunde, mchunga ng'ombe wa Kirolirwe, alikataa. Kwa maoni yake shida ilikuwa milima. Mtu aliyezaliwa kwenye mteremko, bongo yake imelalia upande mmoja kama ng'ombe anayekula majani ya kilimani. Ukimpeleka Goma kwenye tambarare, inateleza.

— Lakini nilianza kuugua niko hapa hapa, Ngabo akasema.

— Ilikuwa inajitayarisha safari, Tumukunde akajibu.

Wakacheka, maana kwao bongo ni ya kichwani na pia ni uongo, na Ngabo akacheka nao, huku ameshika ukingo wa benchi kwa mkono mmoja. Aliichukua foto, akairudisha na bahasha yake ndani ya koti. Aliona kwamba haitamsafisha.

Mukasine, mama wa Nyamitaba aliyekuja kuuza maharagi, alikuwa ametua mzigo wake akisubiri kikombe. Alikuwa mgeni pale.

— Muniambie, bapapa. Kizunguzungu ikimukamata, anasikiaka namna gani?

Tumukunde aliweka kikombe chini. Mwaka mzima walikuwa wamekaa naye, na hakuna aliyejua.

Akamgeukia Ngabo.

— Kaka, unasikiaka je?

Ngabo hakuwa amezoea kuulizwa.

— Ni kama niko juu ya daraja ya miti, inatikisika, na bantu bengine banapita nyuma yangu. Siku yote. Hata nikisimama.

Hakuna aliyecheka.

— Na sasa? Avoka akauliza polepole.

— Nikikaa na nyinyi inapunguka.

— Hata tukisema bongo?

— Zaidi pale munasema bongo.