Mama Behewa na Treni ya Machimboni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Usiiache kwa ajili yangu. Mama tunayemkumbuka leo alikuwa msikilizaji wetu wa siku zote, na hakuwahi hata siku moja kusikiliza redio akiwa amekunja mikono.

Mama Behewa ametutoka. Tulimzika juzi.

Alikuwa fundi wa viti. Viti vya mabasi, viti vya kumbi za sinema, viti vya saluni. Kiti kikichanika, kinapelekwa kwake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye harufu ya gundi na sponji mpya, vitambaa vimeviringishwa na kuegemezwa ukutani mpaka juu. Akifanya kazi alikuwa anabana misumari midogo midomoni, anaitoa mmoja mmoja, anapiga nyundo. Na akiwa na misumari hiyo hiyo midomoni, alikuwa anaongea. Wateja wapya walikuwa wanaogopa. Wa zamani walishazoea.

Na alikuwa anaongea kuhusu nini? Treni. Ukimsalimia, utajibiwa habari za treni. Ukimuuliza hali ya mtoto, utaambiwa kichwa kipya cha treni ya mizigo kimepita asubuhi, kinakohoa. Ndipo majirani wakampachika jina la Mama Behewa, naye akalipokea kama mtu anavyopokea zawadi.

Lakini mapenzi yale yalikuwa na kisa chake, wasikilizaji wapendwa. Bila kisa hicho hamtaelewa yaliyofuata.

Mama Behewa alikuwa na dada yake mkubwa. Dada huyo aliolewa na mwalimu wa shule, akahamia naye Machimboni, mahali kunakochimbwa mawe ya kupeleka kiwanda cha saruji. Huko kuna reli. Lakini ni reli ya mizigo. Nairudia: ni reli ya mizigo tu. Mawe yanapanda, watu hawapandi.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha, barabara ikakatika. Dada mtu alikuwa mjamzito, uchungu ukamshika vibaya. Treni ilikuwa imesimama stesheni, imeshapakia mawe, inaelekea mjini. Mwalimu akambeba mkewe mpaka pale. Akamwomba mkuu wa stesheni, akambembeleza, akapiga magoti. Akaambiwa treni ya mizigo haibebi abiria. Treni ikaondoka. Mchana ule ule mke akafariki, na mtoto tumboni.

Mama Behewa alikuwa akisimulia habari hiyo kwa maneno machache sana. Alikuwa anasema, "Mawe yalifika mjini. Dada hakufika."

Baada ya msiba mwalimu alihamia mjini. Yeye na shemeji yake wakawa kama ndugu wa tumbo moja. Walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Mwalimu akiingia karakana anauliza, "Shemeji, leo umemeza misumari mingapi?" Naye anajibu, "Nakuwekea wewe ya chakula cha jioni." Na humo humo karakana, katikati ya viti vilivyovuliwa nguo, wakaanzisha Chama cha Wapenzi wa Reli. Mwalimu akawa mwenyekiti. Mama Behewa alikataa cheo. Alisema yeye atakuwa mdomo.

Chama kikapata watu. Kinyozi mmoja mcheshi, anayeweza kuiga honi ya kila treni. Muuguzi mstaafu. Mafundi, wafanyabiashara, mume na mke waliokutana wakiwa wanapiga picha treni ile ile. Walikuwa watu wa kucheka. Lakini Mama Behewa na shemeji yake walikuwa na ahadi yao wawili: siku moja treni ya abiria itafika Machimboni. Mtu akiugua huko, apande, akae kwenye kiti, afike hospitali. Hilo ndilo walilokuwa wanalidai, mwaka baada ya mwaka, ofisi baada ya ofisi.

Hatimaye mwalimu akaingia karakana na habari. Kampuni ya reli imekubali! Treni ya abiria itapita kwenye njia za mizigo mpaka Machimboni. Kwa sasa ni siku moja, ya chama. Mama Behewa alitema misumari yote, akamkumbatia shemeji yake, akamkumbatia na kinyozi, akamkumbatia na mteja aliyekuja kuchukua kiti chake. Kwake siku moja ilikuwa mwanzo. Mlango ukishafunguka, nani ataufunga?

Mabehewa yaliyotolewa yalikuwa yamelala kwenye yadi ya reli miaka mingi, viti vimebaki vyuma. Mama Behewa akavivalisha vyote. Kitambaa cha kijani, vifungo vya rangi ya maziwa. Alifanya kazi hiyo miezi. Na aliyekuwa akimshikia kitambaa kisikunjamane, jioni baada ya jioni, alikuwa shemeji yake.

Safari yenyewe niliiona kwa macho yangu, maana redio hii ilinituma. Wasikilizaji wapendwa, sijawahi kuona watu wazima wakifurahi vile. Treni ilipoacha njia kuu na kuingia njia ya mizigo, behewa zima lilipiga kelele. Tukaanza kuuona mji kwa mgongoni. Tulipita nyuma ya viwanda, nyuma ya maghala, nyuma ya nyumba ambazo mbele zina rangi na nyuma zina nguo zilizoanikwa. Tulipita kwenye mizani ya kupimia mabehewa, kinyozi akapaza sauti, "Wanene jifanyeni wembamba!" Kwenye kiwanda cha saruji wafanyakazi weupe kwa vumbi waliacha kazi wakatupungia. Muuguzi mstaafu alitoa kichwa dirishani akakirudisha kimekuwa cheupe kama chao, na alikataa kujifuta. Mwendo ulikuwa wa pole. Kuku mmoja alitupita. Kinyozi akachungulia nje akamwambia dereva, "Mzee, shuka tusukume!"

Mama Behewa hakukaa. Alitembea kati ya viti, anavipapasa kwa kiganja. Nikamuuliza, "Mama, unajisikiaje?" Akaniambia, "Mwanangu, leo nakwenda kumwambia dada yangu kwamba tumefika." Maneno hayo nilikuwa nimeyarekodi, na jioni hiyo nilishindwa kuyarusha hewani. Mtaona kwa nini.

Machimboni watu walikuwa wamejipanga kando ya reli. Wamevaa vizuri. Na wamebeba mizigo: mabegi, vikapu, watoto mgongoni. Sisi tulidhani wamekuja kutulaki. Kumbe walikuja kupanda. Kwa miaka yote Mama Behewa alikuwa anawatembelea kwa lori la mawe ya ujenzi, anawaambia siku treni ya viti itakapofika, hiyo ndiyo yao, wapande. Nao walimwamini.

Palikuwa na hema, kipaza sauti, na meneja wa kampuni ya reli. Meneja akasimama akakishukuru Chama cha Wapenzi wa Reli. Akasema kiwanda sasa kinapata mawe kwingine, reli hii itang'olewa, na hii ndiyo treni ya mwisho. Akasema kampuni ilitarajia malumbano, lakini wapenzi wa reli ni watu waungwana. "Mwenyekiti wenu alitupa neno lenu mapema," akasema. "Mlikubali bila pingamizi, nasi tukawapa safari hii ya kuaga."

Wengine walianza kupiga makofi kabla hawajaelewa. Kisha makofi yakafa.

Mama Behewa alimgeukia shemeji yake. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu.

"Shemeji, anasema nini huyu?"

Mwalimu alitazama chini. "Wangeifunga tu, shemeji. Kwa vyovyote wangeifunga. Waliniambia tukipiga kelele hatupati kitu, tukinyamaza tunapata siku moja. Nilitaka upate hata safari moja."

"Ulijua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu kabla ya viti?"

Mwalimu akavua kofia yake, akaishika mikononi.

"Safari moja," akasema Mama Behewa. Hakupandisha sauti. "Dada naye alikuwa anahitaji moja tu."

Kisha akamwacha pale, akaenda mpaka kwenye mlango wa behewa, akawageukia watu wa Machimboni waliosimama na mizigo yao. Akawaambia, "Pandeni."

Meneja akaja mbio. Akasema haiwezekani, treni ni ya wanachama, kuna taratibu, kuna usalama. Mama Behewa alimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akasema, "Mimi ni mwanachama. Kiti changu nampa huyu," na akamshika mkono mama mmoja mjamzito akampandisha. Kinyozi akasema, "Na changu." Muuguzi akasema, "Na changu." Dereva alikuwa ameegemea kichwa cha treni anakula mkate. Meneja alipomtazama aongee kitu, akasema yeye anaendesha tu, hahesabu watu.

Basi wakapanda. Mabibi, watoto, kuku kwenye vikapu. Walikaa kwenye viti vya kijani huku wakivigusa kwa woga, kama wamekaa sebuleni kwa mtu. Sisi tulisimama. Wanachama wengine walibaki, ili wenyeji wapate nafasi.

Mama Behewa naye alibaki. Alisema ana mtu wa kumtembelea makaburini. Mwalimu akasema, "Shemeji, na mimi nitabaki. Twende wote." Mama Behewa akamtazama kwa mara ya kwanza tangu alipomwacha pale kwenye hema.

"Hapana," akasema. "Wewe panda. Safari ni yako."

Mwalimu akapanda. Njia nzima alisimama mlangoni, na hakuna aliyemsemesha. Kinyozi hakuiga honi yoyote.

Wasikilizaji wapendwa, reli ile iling'olewa. Barabara ya Machimboni mvua bado inaikata. Chama kilikufa chenyewe, kimya kimya, kama moto usiotiwa kuni. Mama Behewa aliendelea kuvalisha viti. Ila binti yake, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, anasema mama alianza kufanya kazi bila kuongea. Misumari ilibaki midomoni, maneno hayakutoka.

Binti aliwahi kumwambia kuhusu mwalimu, "Mama, baba mkubwa alikosea, lakini alikutakia mema." Mama Behewa akamjibu, "Angewakubalia tu wale wa reli, ningejaribu kulimeza hilo. Mtu huchoka. Lakini alinishikia kitambaa, mwanangu. Jioni zote zile ananishikia kitambaa, nami namsimulia watu watakaokuja kukaa pale, naye anacheka na mimi huku anajua."

Miaka ikapita, kisha kifua kikaanza kumsumbua, vumbi la sponji la miaka yote. Mwalimu alisikia, akaanza kuja kila alasiri. Anabisha hodi, anakaa sebuleni. Mama Behewa yuko chumbani, mlango umerudishwa tu. Binti anaingia kuuliza, "Mama, baba mkubwa amekuja. Nimwambie nini?" Na kila siku jibu ni lile lile: "Mpe chai. Mimi sitoki." Mwalimu anakunywa chai yake, anaaga ule mlango, anaondoka. Kesho yake anarudi.

Siku ya mwisho binti alimuuliza waziwazi. "Mama, ikitokea, baba mkubwa tumfanyeje?" Mama Behewa alifikiri sana. Pumzi zilikuwa haba. Akasema, "Anibebe. Ni shemeji yangu, ana haki ya kunibeba. Lakini asinisemee. Alishanisemea mara moja."

Na ndivyo ilivyofanyika. Juzi makaburini mwalimu alishika upande wa mbele wa jeneza, licha ya uzee wake, akakataa kupokewa mpaka tulipofika. Wakati wa kumwelezea marehemu ulipowadia, alirudi nyuma ya watu. Aliyezungumza ni mwanamke kutoka Machimboni aliyekuja kwa lori la mawe. Alikuja na mwanawe wa kike, mrefu, mcheshi. Akasema, "Huyu alizaliwa hospitali. Nilifika hospitali nimekaa kwenye kiti cha kijani." Akakaa chini. Hakuwa na zaidi, na hatukuhitaji zaidi.

Wasikilizaji wapendwa, leo asubuhi mwalimu amekuja hapa redioni. Ameomba aseme maneno machache katika kipindi hiki. Nimempigia simu binti wa marehemu, naye amenikumbusha kauli ya mama yake. Nimemweleza mwalimu. Hakubisha. Ameuliza tu kama anaruhusiwa kukaa asikilize. Yuko hapo nje ya kioo sasa hivi ninapozungumza nanyi, kofia yake iko magotini. Amesikia kila neno.

Binti wa marehemu, pole sana, wewe na nyumba yako yote. Mama yako ameacha viti vingi mjini hapa, na watu wanakaa juu yake bila kujua. Ndugu zetu wa Machimboni, poleni. Na wewe mwalimu, nakuona kupitia kioo hiki. Pole. Na wewe umefiwa.

Kwetu sisi wengine, nawaomba jambo moja. Mfikirieni mtu mliyewahi kumsemea neno bila kumuuliza, mkasema "sisi tumeridhika" ilhali yeye yuko mahali anafanya kazi kwa matumaini. Kama bado yuko hai, mwendeeni leo, kabla hajafikia kuuacha mlango umerudishwa.

Sitaweka muziki. Tukae kimya kidogo, mimi humu ndani, na mwalimu huko nje, na wewe hapo ulipo.