Mzee Emong na Udongo Uliokula Mbolea

Kuanzia Tororo hadi Busia hakuna asiyejua kwamba mimi, Osire, mshika funguo za stoo, ndiye niliyeibeba idara ya kilimo mabegani; hata mvua ilikuwa ikiniuliza kwanza. Ndiyo maana nimepewa mimi heshima ya kumwandika Mzee Emong, msaidizi wa shamba, anayestaafu leo tarehe 30 Juni 1956 baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi.

Emong alianza kwa kufyeka majani, akapanda hadi kusimamia mashamba ya mfano. Kwa kutapanya mbegu za wimbi hakuwa na mwenzake. Akirusha mkono, mbegu zinatua zimepangana kama waumini kanisani.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1951 mama Taaka wa Bulumbi, mjane, alitupatia shamba lake lote la mahindi tuwaonyeshe watu mbolea mpya ya fosfeti. Emong akaitapanya kama wimbi, kwa madaha, watu wakashangilia. Haikuchukua muda mahindi yakadumaa, majani yakageuka zambarau. Taaka akaja mpaka stoo: "Emong, udongo umekula mbolea yako. Mimi na watoto tule nini? Tukule wewe?" Majirani zake wakaapa fosfeti haitaingia Bulumbi tena.

Mwingine angehamia Kisumu. Emong alifungua ghala lake mwenyewe, akawa anampelekea Taaka wimbi. Kisha akamwendea Bwana Ofumbi, mpima udongo wa Tororo, akaelezwa: udongo wetu mwekundu ni mchachu, na chuma kilichomo kinaing'ang'ania fosfeti kama mama mkwe aliyekalia chungu cha nyama. Nyama ipo, lakini huli. Ukitapanya, kila chembe ya udongo inashika yake, mmea unabaki na njaa.

Akarudi Bulumbi kuomba msimu mmoja tu. Taaka akamjibu, "Haya. Ukishindwa utahamia hapa ulee hawa watoto, na mkeo nitamwambia mimi."

Safari hii Emong hakurusha mkono. Alichanganya fosfeti na samadi iliyooza, akatia kidogo katika kila shimo, karibu na mbegu, udongo usipate nafasi ya kuinyakua yote. Wazee wakacheka: mtapanyaji hodari sasa anazika vifaranga! Lakini mahindi yalipotoka, jamani, nilimwona kwa macho yangu ng'ombe mzima amelala kivulini mwa jani moja. Taaka alijaza ghala akakosa pa kuweka mengine, na msimu uliofuata Bulumbi yote ilipanga foleni mlangoni kwangu.

Mzee wetu, asante sana. Nenda ukapumzike, ng'ombe wako wazae, wajukuu wakujae mapajani.

Ila kabla hujafika nyumbani, pitia kwangu Mwello. Mwaka huu nilitapanya. Mahindi yote ni zambarau. Nimewaambia majirani kwamba ni mbegu mpya kutoka Ulaya, na sasa wanaiomba.