Gunia la Makaa la Metre Mukalay

Mama mjane, wakubwa wa ukoo, jirani zetu wa Musonoi, nanyi ba-metre, watetezi wenzake wa tribinali, mlioacha kesi zenu asubuhi hii kwa ajili yetu, mimi ni Blandine, kifungua mimba wa huyu aliyelala mbele yenu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba kati ya watoto wake wote ni mimi niliyerithi mdomo.

Tata yetu, Mukalay Mbayo Fabien, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Malemba-Nkulu, na mwaka 1952, babu alipopata kazi ya kuchimba shaba, familia yote ilihamia hapa Musonoi, ambako tata alisoma shule ya msingi tangu 1953 hadi 1959, kisha sekondari mjini Kolwezi hadi 1965. Alikua akisikia king'ora cha kampuni kikiamsha kila nyumba kwa wakati mmoja, za watu wa Katanga na za watu wa Kasai, na mwisho wa mwezi mama wote walipanga mstari mmoja kungojea unga na samaki wa mposho, na tata alipenda kutuambia kwamba katika mstari ule hakuna aliyemuuliza mwenzake babu yake alizikwa wapi. Kolwezi ile, ndugu zangu, tunailia leo pamoja naye.

Mwaka 1966 aliingia kazini kama karani wa tribinali, akienda kwa baiskeli na suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo, na tarehe 10 Novemba 1980 akaapishwa kuwa mtetezi, na tangu siku hiyo hata wauza nyanya wakamwita Metre. Wateja wake walikuwa hasa wale wasio na kitu, ambao tribinali yenyewe huwatafutia mtu wa kuwasemea, na serikali ndiyo ilipaswa kumlipa. Serikali ililipa kidogo, kisha ikachelewa, kisha ikasahau kabisa, basi familia za washitakiwa zikawa zinaleta zilichonacho, kuku, mihogo, na mwaka mmoja kofia iliyomfunika hadi masikio, na ambayo aliivaa kanisani bila aibu yoyote huku sisi watoto tukikaa benchi la mbali. Tulipomcheka alitujibu kwamba mtu asiye na mtetezi hahukumiwi, anatupwa.

Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na mama yetu hapa, Elise Mbelu, binti wa tata Kalala Tshilombo, seremala wa kampuni aliyekuja kutoka Kasai akiwa kijana, na Mungu akawajalia watoto watano. Mahari ilipokelewa kwenye baraza ya nyumba ya babu Tshilombo, penye viti alivyovichonga mwenyewe, na kila Jumapili baada ya misa tulikula bukari na sombe pale pale, huku babu na tata wakigombana juu ya mpira hadi mama na bibi wachoke kuwasikiliza. Nikifumba macho nasikia harufu ya mbao mpya za baraza ile.

Baadaye migodi ikaanza kufa, mishahara ikakatika, na njaa ilipoingia watu wakatafutiwa wa kumlaumu, ndipo watu wa Kasai, hata waliozaliwa hapa, wakaambiwa warudi kwao. Mwezi wa Machi 1993 nyumba ya babu Tshilombo ilichomwa, na babu na bibi wakakimbilia stesheni, wakalala chini pamoja na wengine wengi kungojea treni. Waliochoma walikuwa kundi kubwa, lakini alikamatwa mmoja tu, kijana Kisimba, akiwa na kiti cha babu kichwani, na moto wote wa mtaa ule ukawekwa juu ya shingo yake, mwendesha mashitaka akaomba auawe.

Kijana hakuwa na mtetezi, kwa maana wenzake tata walikuwa wamekwisha kuacha kesi zisizolipwa, nami siwalaumu, walikuwa na watoto. Rais wa tribinali alipomgeukia tata, tata alimwambia wazi kwamba nyumba ile ni ya baba mkwe wake, na rais akamjibu amletee basi mtetezi mwingine atakayekuja bure. Hakupatikana. Mama aliposikia alifunga kitambaa chake cha safari, akamwambia neno moja tu: "Ukimutetea ule mutoto, mi naenda na bazazi bangu ku treni."

Kesi ilisikilizwa tarehe 18 Mei 1993, na mama alikaa nyuma kabisa, mzigo wake magotini. Tata hakusema kwamba Kisimba ni msafi. Alianza kuilia ile nyumba mbele ya watu, baraza yake, viti vyake, jina la aliyeijenga, akasema kwamba yeye alioa pale, kisha akaiomba tribinali imwadhibu kijana kwa alichokifanya, isimuue kwa ajili ya wale waliomtuma na waliokuwa wameketi mle ndani wakisikiliza. Kisimba akapewa miaka mitatu. Watu wa Katanga walimtukana tata kwa kuitaja nyumba, watu wa Kasai walimtukana kwa kumwokoa kijana, naye akarudi nyumbani kwa baiskeli.

Kesho yake akaja mama Nkulu, mzazi wa Kisimba, kutoka Mutshatsha, na gunia la makaa, kwani hakuwa na kitu kingine duniani. Mama yetu alikuwa amekwisha kufungua mzigo wake, lakini alipoliona lile gunia alisema: "Tata Blandine, ku tribinali nimekusamehe, ku mbabula bado." Na mbabula yake, lile jiko la makaa, haikuliona gunia lile. Mwezi wa Julai treni iliwachukua wazazi wake, na babu Tshilombo akafa Mwene-Ditu mwaka 1994 bila mama kumwona tena. Tulipita miaka ya kukosa hata kijinga cha moto, mama akaenda kuomba makaa kwa jirani, na gunia liko nyuma ya nyumba, juu ya matofali, chini ya bati. Tata naye alikataa kuliuza, akasema ndio mshahara wake wa mwaka mzima.

Tangu 2017 alisumbuliwa na presha na sukari, akalazwa mara nyingi, na tarehe 9 Oktoba 2022, siku ya Bwana, alitutoka, mwenye umri wa miaka sabini na sita.

Jana asubuhi makaa ya matanga yaliisha. Mama aliniita akasema: "Blandine, leta ile mushahara ya tata yako." Makaa ya gunia lile aliyawasha mwenyewe, akapuliza mwenyewe, na alipofuta macho alisema ni moshi, ingawa makaa makavu vile hayana moshi. Chai mliyokunywa, ndugu zangu, ilichemka juu ya moto ule.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, jirani waliotukopesha makaa miaka yote bila kutuuliza lile gunia ni la nini, ba-metre wenzake, mapadri, na ninyi nyote mliolala chini pamoja nasi.

Tata, pumzika kwa amani. Hata ku mbabula umesamehewa.