Bi Riyama Kheir na Darasa la Kihausa la Barazani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Riyama Kheir anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha Kihausa katika kituo chetu cha lugha hapa Mji Mkongwe. Chaki anatuachia. Ulimi wake, sisi tuliowahi kuchelewa darasani tunaujua, anaondoka nao.

Kihausa alikisomea Kano, alikokwenda kwa ufadhili akiwa msichana wa Bububu. Alirudi na shahada pamoja na mfuko wa pilipili ya unga iliyowatoa machozi walimu wenzake siku ya kumkaribisha. Darasani kwake wamepita wauza vitambaa, waongoza watalii wa Paje, na bwana mmoja wa Mkokotoni aliyeposa Kano kabla hajajua namna ya kumwamkia mkwe.

Ubao hakuupenda sana. Sentensi aliifundishia nje, kwenye baraza ya kituo, kwa kuwakalisha watu mmoja baada ya mwengine: mtendaji, kisha neno dogo linalomwakilisha, kisha kitendo, mwisho kinachotendwa. "Jaku ya ci abinci", yaani Jaku amekula chakula. Kiswahili, alieleza, humbeba mtendaji na wakati ndani ya kitendo. Kihausa kimewapa mahali pao pa kukaa, hapo kwenye "ya". Mtendaji akiwa mwanamke, "ya" huinuka akakaa "ta". Ukikosea, unarudi kukaa hapohapo mpaka ukome.

Miaka minne iliyopita uongozi ulitaka kulifunga darasa kwa uchache wa wanafunzi. Bi Riyama aliomba waje walitazame kwanza. Siku hiyo hakumtania mtu, nasi tukajua ana hofu.

Tulikaa barazani tumejipanga kama sentensi, wakubwa wa kituo wamesimama mbele yetu. Mara akatokea Mzee Mmanga, fundi cherehani wa jirani, na bakora yake. Sasa, aliyelelewa Unguja hawezi kukaa na mzee amesimama. Sentensi nzima iliinuka, shikamoo zikamiminika, mzee akaitikia marahaba na kujikalia mahali pa kitendo, akanyoosha miguu.

Kumwomba ahame lilikuwa jambo lisilosemeka. Bi Riyama alimsogelea akamwambia, "Mzee wangu, leo wewe ndiye kitendo. Kazi yako kula."

"Hiyo nnaiweza," akajibu Mzee Mmanga.

Akafundishwa kutamka "chi", kama Wahausa wanavyoisoma "ci", naye akaitamka kwa sauti ya mwenye njaa kila zamu yake ilipofika. Wakubwa walicheka mpaka wakaomba nao wakalishwe. Darasa likabaki. Mzee Mmanga akajiandikisha wiki ileile, majirani wakamfuata, na tangu hapo baraza haitutoshi.

Muhula ujao darasa hilo nimekabidhiwa mimi, Ulfat, mwanafunzi wake wa zamani. Naogopa, na nasema wazi. Kulifundisha si kazi kubwa. Kazi ni kulifanya watu walipende kama walivyolipenda kwake.

Ahsante, Bi Riyama, kwa subira na kwa makaripio, maana yote yalitufaa. Mungu akujaalie afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasikivu. Tunakuombea maisha ya raha huko Bububu. Ila siku ukipita hapa ukanisikia ninakosea, tafadhali usinistahi: nikosoe mbele ya wanafunzi wote.