Nilipigia Ngoma Goli la Wapinzani

Bwana asifiwe. Asifiwe tena, maana wale wa nyuma naona bado wanatafuta viti. Wengi mnanijua kama fundi wa plasta huku Kimumu. Wengine mnanijua kwa kelele, kwa sababu mimi ndiye mwenye ile isukuti kubwa, ngoma yetu ya Kakamega, inayopigiwa timu ya mtaa kila Jumapili baada ya ibada. Leo nimeomba nafasi niwaeleze vile Januari iliyopita ilitaka kunimaliza.

Timu yetu mnaijua. Kipa ni mtu wa bucha, mabeki ni watu wa boda, na straika akiitwa kazini tunacheza bila yeye. Tumekaa mkiani mwa ligi mpaka tumezoea. Kwa vile goli kwetu ni kitu cha nadra, tulijiwekea desturi: tukipata kona, tunashangilia kona. Wageni hutucheka. Wacheke, sisi tayari tumeimba na jasho limetutoka.

Mke wangu ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Ndugu zangu, nawaambia, yule mama alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Mpiga ngoma husimama akiangalia waimbaji, kwa hivyo mgongo wangu uko uwanjani na mpira siuoni. Yeye alisimama mbele yangu akiutazama. Mambo yakiwa mazuri aliinua mikono yote miwili, nami naachilia ngoma. Tulifanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kukosea.

Disemba, watu wakienda nyumbani kula Krismasi, mimi nilienda Kakamega kumzika. Aliugua muda mfupi tu. Kwetu isukuti hupigwa kwa furaha na hupigwa kwa msiba, kwa hivyo nilimpigia mke wangu mpaka kaburini. Niliporudi huku Eldoret niliifunga ngoma kwa shuka, nikaisukuma chini ya kitanda. Nilijiambia mikono iliyomsindikiza haiwezi kushangilia mpira tena.

Na Januari mnaijua, hata kwa mtu mwenye furaha ni mwezi mrefu. Msichana wetu akarudi shule ya bweni, nyumba ikabaki na mimi. Asubuhi baridi, mchana vumbi, na mimi niko tu kitandani. Kazi nikaacha kwenda. Kupika nikaona ni kwa ajili ya nani, nikawa nakunywa chai ya rangi na kulala. Hata kuomba kulinishinda, niseme ukweli mbele ya mchungaji. Nilifika mahali sikuona haja ya kuamka. Wale mmewahi kufika hapo mnajua sifanyi mzaha.

Sasa, kuna mama mmoja wa duka, jirani yangu. Simtaji, lakini ameketi hapa na ameanza kuangalia chini. Kwao ni upande wa Murang'a na wimbo wetu wa Kiluhya hata mmoja hakuwa anaujua. Jumapili moja akabisha, nikajifunika blanketi, akaingia tu.

"Mzee, wale vijana wanacheza kama wako matanga," akasema. "Hakuna mtu anaimba. Hebu toa hiyo ngoma."

"Mama, na mimi si niko matanga?"

"Basi kuja ulilie uwanjani. Hapa unalilia ukuta."

Nilikasirika. Nawaambia, nilikasirika kweli, na nafikiri ni hizo hasira zilinitoa kitandani. Nikaivuta ngoma, nikamfuata nikinung'unika njia nzima.

Siku hiyo tulikuwa tunacheza na vijana wa Moi's Bridge, majitu yaliyolelewa kwa mahindi. Nikasimama mahali pangu, mgongo kwa uwanja. Mama wa duka akasimama pale mke wangu alikuwa akisimama. Kumwona hapo kuliniuma sana. Akaanzisha wimbo wa kanisani, polepole kabisa, kwa sababu ndio alijua. Nikampigia hivyo hivyo, mikono mizito.

Mara nikasikia kelele kubwa nyuma yangu. Nikamwangalia mama: mikono yote miwili juu! Ndugu zangu, niliachilia hiyo ngoma. Niliipiga Januari yote, nikaipiga ile chai ya rangi, nikakipiga kile kitanda. Kina mama wa kwetu wakisikia isukuti hawaulizi maswali, mabega yakaanza kazi. Nami nimefunga macho, napiga.

Nilipoyafungua, waliokuwa wanacheza ngoma mbele yangu walikuwa wamevaa jezi za Moi's Bridge. Wamefunga goli, wakasikia ngoma, wakaja. Mama wa duka sasa ameshika kichwa, ananipigia kelele: "Mzee, ni sisi tumefungwa! Ni sisi!" Kumbe mikono aliinua kwa mshtuko.

Kipa wetu alianza kucheka akiwa bado amelala chini. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi, na hapo chini kicheko kikageuka kilio. Nikamlilia mke wangu mbele ya timu mbili, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Wale wale wa Moi's Bridge ndio waliniinua. Kapteni wetu akanipangusa vumbi, akasema, "Mzee, mechi bado. Tupigie."

Nikawapigia. Tulipata kona karibu na filimbi ya mwisho, tukaishangilia vizuri, na tukafungwa. Jioni nikasonga ugali, nikala. Jumatatu nikashika mwiko wa plasta nikaenda kazini.

Sisemi huzuni iliisha. Kuna siku bado inanikuta jikoni. Lakini sasa ikija inanikuta nikiwa nimeamka.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru vijana wa timu, na kipa aliyeniletea supu bila kuombwa. Mama wa duka, asante sana. Siku hizi anaimba Kiluhya, kibaya kabisa, na tunamfuata. Somo langu ni hili tu: ukiona mwenzako amejifungia, usingoje akuite. Ingia, hata akikasirika.

Na kuna mtu hapa ndani amezika juzi. Sikutaji. Leo tunacheza na Yamumbi, kwao. Tutafungwa, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Lori la mashabiki linaondoka hapo nje baada ya ibada, na nimekuwekea nafasi karibu na ngoma.